Mashine Iliyopimwa kwa Makande

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa hospitali kupima kama ile mashine inayochagua wagonjwa inabahatisha kweli au inadanganya.

Kabla sijasimulia niliyoyaona, niseme kwanza mashine yenyewe ni ipi, maana wengine mnasoma mkiwa mbali. Hospitali yetu, huku chini ya milima ya Upare, ina mitambo miwili ya kusafisha damu ya watu wenye figo mbovu. Wagonjwa ni sitini. Nafasi za wiki ni kumi. Wakubwa walipoona watu wanasukumana pale dirishani, wakaleta kompyuta, wakaiweka kwenye jengo la utawala, kila mgonjwa akapewa kadi yenye namba, na kila Jumatatu asubuhi kompyuta inataja namba kumi. Ukitajwa, ujumbe unaingia kwenye simu yako. Usipotajwa, unasubiri Jumatatu nyingine. Mke wangu Nakijwa alikuwa namba arobaini na moja. Alisubiri Jumatatu kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuifikia.

Na kila Jumatatu walitajwa kumi walewale. Tulisema sana. Nilikwenda mwenyewe kwa Katibu wa hospitali, Bwana Kajiru, nimevua kofia, nikamwambia hao kumi wana ndugu zao humu ndani. Akanijibu bila kuinua macho kwamba namba zinatoka kwa nasibu, na mashine haina shangazi. Neno hilo nimelala nalo miaka miwili. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mtu hahitaji cheti ili ajue amedharauliwa.

Haya, ndoto sasa.

Barua ya wito inaletwa na muhuri. Muhuri wenyewe, ule wa mpini wa mbao, unakuja kwa mguu mmoja, unarukaruka kwenye njia ya nyumbani kwangu, na kila unapotua unaacha neno IMEPOKELEWA kwenye vumbi. Unasimama mlangoni, unahema, unaniambia nimeteuliwa kuwa shahidi wa familia. Nikauliza nimeteuliwaje. Ukasema kwa nasibu. Nikauliza kwenye orodha tulikuwa wangapi. Ukasema mmoja.

Nikavaa koti. Nilipovuka kizingiti nikawa niko tayari kwenye ukumbi wa mikutano wa hospitali, ila katikati ya ukumbi kulikuwa na mafiga matatu na moto unawaka. Hakuna aliyeshangaa, nami sikushangaa.

Mwenyekiti wa kamati ni kabati la mafaili, la chuma, lenye droo nne. Linaongea kwa droo ya pili. Ya kwanza imefungwa na ufunguo ulihama na mhasibu wa zamani. Pembeni yake amekaa Bwana Kajiru, yeye mwenyewe na tai yake, ila kiti kimekuwa kirefu na miguu yake haifiki chini. Kompyuta imelazwa kwenye kitanda cha wagonjwa, imefunikwa shuka mpaka shingoni, kioo chake kinapepesa kama mtu mwenye homa. Na kwenye benchi la ndugu wa mgonjwa kuna mashine kuukuu ya kupiga chapa, imejitanda kanga, inatafuna kitu polepole.

Kabati likauliza huyu ni nani na ameingiaje.

"Mimi ni shangazi yake," mashine ya chapa ikasema. "Nimesikia inasemwa sipo."

Bwana Kajiru akaandika neno kwenye karatasi, kisha akalifuta, kisha akaifuta na karatasi yenyewe.

Kama shangazi yupo, basi yote niliyoyasema miaka miwili ni kweli. Wengine wanakwenda kwenye kamati kutafuta haki. Mimi nilikwenda kutafuta jina. Nilitaka mashine ionekane mwongo, na nyuma ya mashine atokee mtu, na mtu huyo nimkamate shati nimuulize Nakijwa alimkosea nini.

Kabati likasema kipimo cha kwanza ni cha viti. Mashine itataja mahali popote uwanjani kwa kubahatisha, na kiti cha magurudumu kitakwenda kukaa hapo. Kikikuta pameshakaliwa, kimegonga. Vikigonga kupita kiasi, mashine ni mbovu. Visipogonga hata kimoja, mashine ni mbovu zaidi, maana kuna mtu anavipanga kwa siri.

Ukuta ukajikunja kama mkeka. Tuko nje, uwanja wa hospitali umekuwa mpana kama shamba la mkonge, na viti vya magurudumu vinashuka kutoka mlimani, maelfu, bila mtu wa kuvisukuma. Kila kimoja kikifika mahali pake kinasema "nimekaa" au "nimegonga," kwa sauti ya mtoto anayeitikia mahudhurio. Bwana Kajiru anahesabu kwa vidole. Vyake vinaisha, anaazima vyangu, anaviweka mfukoni, anaendelea. Mwisho kabati linatangaza kwamba vilivyogonga ni idadi inayotakiwa kabisa.

Kiti kimoja kilichogongwa kilikuwa kimelala ubavu karibu na mguu wangu, gurudumu linazunguka hewani. Kikaniuliza kama kwa upande wake pia ndivyo inavyotakiwa. Nikakiinua, nikakipangusa.

Vidole vyangu nilirudishiwa, isipokuwa viwili vilikuwa vimebadilishana nafasi. Nikanyamaza, maana ukianza kulalamikia vidole, mambo makubwa hayasikilizwi.

Kipimo cha pili ni makande.

Hapa kabati likanitazama mimi, likasema shahidi wa familia ndiye ataonja. Tukawa ukumbini tena, na juu ya mafiga kuna vyungu vitatu. Kabati likaeleza kwamba ndani ya kila chungu, badala ya namba kuna mahindi na maharage. Kimoja tu kimechanganywa na mashine. Mimi nisijue ni kipi. Nionje kijiko baada ya kijiko, niseme kipi kimechanganyika chenyewe na kipi kimetiwa mkono wa mtu.

Sasa kwenye hili sikuwa mjinga. Sisi Wapare tumelelewa na makande, na mimi nimekula makande ya Nakijwa miaka thelathini na mmoja. Ninajua chungu kinavyogawa. Utachota vijiko vitatu vya mahindi matupu, halafu cha nne kinakuja na maharage tu, yamelundikana kama yamekubaliana. Mwaka tuliooana nilimshutumu kwamba anaficha maharage ya wageni. Hakukasirika. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuacha kukuna.

"Anaeli," alisema, "maharage hayakujui."

Basi. Nikachota chungu cha kwanza. Hindi, haragwe, hindi, haragwe. Kijiko cha pili hivyohivyo. Cha kumi hivyohivyo. Bwana Kajiru alikuwa ameinama juu ya bega langu, macho yamemlegea kwa furaha, akasema hii ndiyo haki yenyewe, kila mmoja amepata. Nikamwambia haya si makande, hili ni gwaride. Kuna mtu amekaa akayapanga punje kwa punje. Chungu kikaanza kulia, kikakiri kwamba kilipangwa na kamati ndogo, na kwamba kilikuwa kimetishwa.

Chungu cha pili mahindi yote juu, maharage yote chini. Hicho hakuna aliyekikoroga. Kilijua, hakikubisha, kikajishusha chenyewe kutoka mafigani na kwenda kukaa nyuma.

Chungu cha tatu nikachota. Mahindi. Nikachota, mahindi. Nikachota, haragwe moja na mahindi sita. Nikachota, maharage matupu, mazito, yameshikana. Nikatafuna, nikasimama na kijiko mdomoni. Jiko la nyumbani kwangu lilikuwa limetulia mbele yangu, na kinu pembeni, na kifuniko kile kilichomeguka kishikio.

Kabati likaniuliza nasemaje.

Nilitaka kusema kimechezewa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini ulimi ukanitoka, ukakaa juu ya kijiko kama mtu mzima anayeketi barazani, ukasema: "Hiki kimejichanganya chenyewe. Hakuna mkono wa mtu."

Chungu hicho kilikuwa cha mashine.

Ulimi ukarudi ndani, nikaufungia. Wakubwa hawajawahi kunishinda kwa maneno, na sasa nimeshindwa na ulimi niliozaliwa nao. Kule kitandani kompyuta ilipumua. Nikaona aibu kwamba imepumua kwa sababu yangu.

Kipimo cha tatu ni cha kusubiri.

Namba zote sitini wanaletwa, wanakaa kwenye benchi moja refu la wagonjwa wa nje. Ni watu na si watu. Namba Tisa ana kichwa kikubwa na mguu mmoja, Namba Nane amejifunga mkanda kiunoni. Mashine inawataja mmoja mmoja, anayetajwa anasimama, anakaa. Kamati inapima kila mmoja anasubiri muda gani kabla ya kutajwa tena. Tunakaa pale mpaka Namba Thelathini na Nane anaota ndevu, zinafika magotini, anazisuka, na bado hajatajwa.

Nikasema huyo ameonewa. Kabati likasema hapana. Kwenye kubahatisha kwa kweli, lazima awepo anayesubiri kupita wenzake wote. Wote wakisubiri sawasawa, ujue kuna mtu anawapanga, na mashine itakuwa imefeli. Bila mwenye ndevu hakuna ufaulu.

Nikauliza kuhusu Jumatatu kumi na moja. Kabati likafungua droo ya tatu, likachungulia ndani yake lenyewe, likasema Jumatatu kumi na moja zimo ndani ya kiwango.

"Kwa hiyo mke wangu alikufa ili mashine ifaulu?"

"Alichangia," kabati likasema.

Likanipa barua ya shukrani. Ilikuwa na jina lake, herufi moja imekosewa. Muhuri ukaruka kutoka mezani, ukaigonga IMEPOKELEWA kabla sijaishika vizuri.

Nilikaa chini, palepale sakafuni. Miaka miwili nilikuwa na hasira kama mtu mwenye shamba, kila asubuhi naamka naipalilia. Na sasa kabati la chuma linaniambia shamba si langu, wala si la mtu yeyote. Hakuna jina. Hakuna shati la kukamata.

Kabati likatangaza mashine imefaulu vipimo vyote. Bwana Kajiru akateremka kwenye kiti, ikamchukua muda kufika chini, akaniletea hati niweke dole gumba. Nikamwambia najua kuandika. Akasema nafasi iliyopo ni ya dole.

"Mmempima akiwa macho," ikasema sauti kutoka kwenye benchi.

Ni shangazi. Alikuwa ameacha kutafuna. Akasema tangu asubuhi wanampima mtoto wake bila kumpa usingizi, na mtu akiwa macho mfululizo hawezi kurudia hadithi. Akasema nyumbani kwake haishi hivyo. Nyumbani analazwa. Mbona hakuna aliyeuliza analalaje?

Kabati likasema kamati imepewa kazi ya kupima namba, haikupewa kazi ya kupima usingizi. Shangazi akasema basi atapima mwenyewe. Akanyoosha mkono mwembamba wa chuma, akamfumba mpwa wake kioo. Kukawa kweusi kidogo. Kisha akamfumbua.

Kompyuta ikapiga miayo, ikataja: saba, kumi na tisa, hamsini na mbili, tatu, ishirini na nane, sitini, kumi na nne, thelathini na tatu, tisa, ishirini na tano.

Akamfumba tena, akamfumbua. Saba, kumi na tisa, hamsini na mbili, tatu. Vilevile mpaka ishirini na tano.

Hizo namba ninazijua kama ninavyojua majina ya wanangu. Ndio wale kumi. Namba saba ni Bi Ndeshi muuza mkaa, ambaye ukoo wake hata hatuujui, alikuja mjini peke yake na gunia. Kumi na nne ni fundi cherehani wa pale sokoni. Alipofiwa na mtoto sikwenda kuzika. Nilikaa nyumbani nikasema akazikwe na hao ndugu zake wakubwa.

"Alipewa mbegu moja tu tangu kiwandani," shangazi akasema. "Kila akiamka anapanda hiyohiyo, anavuna yaleyale. Mwacheni macho, ataendelea mbele. Mlazeni, atarudi Saba."

Kompyuta ikasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli. Ikiamka haikumbuki iliishia wapi. Nikaiuliza baada ya ishirini na tano anafuata nani. Ikasema nyumbani haijawahi kufika huko.

Shangazi akainua ncha ya shuka, akaniambia pita, baba, ukaone. Chini ya shuka kulikuwa na ngazi.

Nateremka. Ndani ya mashine ni korido ya jengo la utawala, ileile, yenye vyumba ishirini na viwili na harufu ya dawa ya sakafu. Namba wamejipanga ukutani na mizigo yao. Mbele kabisa, mkono kwenye kitasa cha mlango, amesimama Namba Arobaini na Moja. Amefunga kanga ya safari na ana kikapu.

Nikamwamkia. Nikamuuliza yeye ni wa ngapi.

"Wa kumi na moja, baba. Wale kumi wakishatoka, wiki inayofuata naanza mimi."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Wiki inayofuata haiji. Ijumaa jioni linaingia giza. Likiondoka tunajikuta tumerudishwa mwanzo, na anayeitwa ni Saba. Mimi nimeshika kitasa hiki mpaka kimechukua umbo la kiganja changu."

Aligeuza kiganja akanionyesha. Kweli, kitasa kilikuwa na mistari ya mkono. Mstari wa maisha ulikuwa wake, akasema, lakini alikuwa amemshikia mtu.

Nikamuuliza giza linaletwa na nani. Akasema ni mkono. Akaonyesha juu.

Ukutani, juu ya mlango, kulikuwa na swichi kuu, ile ya mpini mwekundu. Na kutoka darini mkono ulikuwa unashuka taratibu, kama mtu anayejua anachokifuata. Ulikuwa umevaa mkono wa sweta la kijani. Saa imefungwa kioo kikitazama ndani. Ukucha wa dole gumba umepasuka katikati.

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Haukuwepo begani.

Mimi ni mlinzi wa jengo lile, mwaka wa kumi na tisa huu. Sikusema mwanzoni kwa sababu sikuona kinahusu nini. Zamu yangu ni ya mchana mpaka ofisi zifungwe. Miaka minne iliyopita ulibandikwa waraka kwamba umeme unatumika ovyo, kila Ijumaa jioni mlinzi azime taa zote za jengo. Vyumba ni ishirini na viwili. Magoti ninayo mawili, na moja nilishalipoteza kwenye pikipiki. Swichi kuu iko pale getini, kwenye kibanda changu, naifikia nikiwa nimekaa. Nikawa naivuta hiyo. Taa zinazima zote, na kila kisichokuwa taa kinazima nazo. Jumatatu alfajiri mwenzangu wa asubuhi anairudisha. Hakuna aliyenung'unika hata siku moja. Mwaka juzi nilipewa kanga mbili na cheti cha mfanyakazi mwadilifu. Kanga moja Nakijwa ndiyo aliyokuwa akijifunika hospitalini.

Nikapaza sauti kwamba waraka ule ni wa Bwana Kajiru. Bwana Kajiru akachungulia kwenye tundu la ufunguo, alikuwa amekuwa mdogo wa kutosha, akasema waraka ulisema taa. Nikamwambia, uliniona. Kila Ijumaa ulipita pale getini nikivuta ule mpini, ukapunga mkono, ukaniambia wikendi njema, Mzee Anaeli. Na wewe ndiye uliyejua mashine imewekwa chumba gani. Mimi chumba hicho niliambiwa ni stoo.

"Sikujua kama ina maana," akasema.

"Na mimi sikujua."

Nilikuwa nimemtafuta mtu huyu miaka miwili, na sasa niko naye, tumetenganishwa na tundu la ufunguo, na wote wawili hatukujua. Ila kati ya wawili wasiojua, mmoja ana ofisi na kiti kinachozunguka, na mwingine ana kibanda na mpini. Hilo silifuti, hata mbele ya Mungu. Lakini mpini haukuvutwa na kiti.

Kengele ikalia. Kabati likatangaza kutoka juu kwamba ni Ijumaa, saa za kazi zimekwisha, jengo lizimwe. Mkono ukaendelea kushuka. Nikauamuru usimame. Ukageuza ukucha uliopasuka kunitazama.

"Ni Ijumaa, baba," ukasema. "Tumefanya hivi miaka minne. Umewahi kunisikia nikikosea?"

Haukuwa na ubaya, huo mkono. Hilo ndilo lililoniuma. Uliongea kama mtumishi mwaminifu asiyeelewa amegombezwa nini. Vidole viwili bado vilikuwa vimekaa kinyume, na hata hivyo ulikuwa unajitahidi.

Nikapanda juu ya begi la Namba Thelathini na Nane, nikaudaka kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Nikaangusha uzito wangu wote, tukaanguka sakafuni mimi na mkono wangu, nikaugeuza chini, nikaukalia. Ukapigapiga vigae mara tatu, kisha ukatulia. Muhuri ukaja mbio ukitaka kunigonga kisogoni. Shangazi, aliyekuwa ameteremka nyuma yangu, akaukanyaga.

Taa hazikuzima. Kule juu tukasikia kompyuta ikisema ishirini na tano, kisha ikasita, kama mtu aliyefika mwisho wa kijiji chake na kuona njia inaendelea. Kisha ikasema arobaini na moja.

Namba Arobaini na Moja akazungusha kitasa. Mwanga ukaingia, wa kawaida tu, wa asubuhi. Nikamuita kabla hajavuka. Nikamuuliza kama yeye ni Nakijwa.

"Mimi ni namba tu, baba," akasema. "Yeye alikuwa ananitazama kwenye kadi kila Jumatatu."

"Alikuwa anasemaje?"

Akafikiri, kikapu mkononi.

"Hakuwa anasema. Alikuwa ananifuta vumbi kwa upindo wa kanga, ananirudisha kwenye mfuko."

Akatoka.

Nikaamka. Jua limeshapanda, saa tatu na nusu, leo Jumatatu, na zamu yangu ni saa nane mchana. Nilikuwa nimelalia mkono wa kulia, umekufa ganzi mpaka begani. Nikaunyoosha kwa kushoto, nikakaa kitandani nikiutazama kama mgeni aliyelala kwangu bila kusema jina. Nikajiambia ni ndoto tu. Ijumaa mpini niliuvuta, nakumbuka vizuri, nilikuwa natafuna karanga.

Simu ya Nakijwa iko dirishani. Mwanangu aliniambia niizime, na karani wa kanisa letu ameniambia hivyohivyo, lakini naichaji kila Jumapili. Pale hospitali cheti cha kifo nimepeleka mara mbili ili wamtoe kwenye orodha. Mara ya kwanza nikaambiwa rudi kesho. Mara ya pili mwenye muhuri alikuwa semina.

Simu ikatetemeka. Ilijisogeza kidogo kwenye simenti, ikatulia.

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikasoma tena nikifuata neno kwa neno kwa kidole:

"Namba 41. Umechaguliwa kupata huduma wiki hii. Fika leo kabla ya saa nane mchana. Mgonjwa aje na msindikizaji mmoja."

Ninaandika haya saa tano. Karatasi hii nakwenda nayo, nimsomee Bwana Kajiru yote, sehemu yake na sehemu yangu, na hamsini wanaosubiri wasikie. Kadi ya Nakijwa nimeipata kwenye mfuko wake, nimeifuta vumbi. Koti nimeshavaa.

Msindikizaji yupo.